Simenti imepanda tena: serikali iweke bei elekezi au tuliache soko? (jamvi langu limekwama Chanika)

Jamvi Bado

Wakuu habari za jumapili. Mtanivumilia uzi utakuwa mrefu, nina hasira na sina pa kuzipeleka.

Nina kibanda changu Chanika, vyumba vitatu na sebule. Msingi ulishaisha, kifusi nimejaza, nimeshindilia, nimebakiza kumwaga jamvi tu, yaani zege la sakafu. Fundi kanipigia hesabu mifuko 60. Ijumaa ya juzi naulizia hadwea ya jirani mfuko 15,500, nikasema ngoja mshahara uingie. Umeingia jumatano, naenda na hela mkononi naambiwa 17,500. Siku tano tu elfu mbili juu! Zidisha mara 60 ni laki na ishirini, hiyo ni posho ya saidia fundi siku nane. Namuuliza muuza duka kulikoni, jibu lake "kiwandani hamna mzigo". Nampigia mshkaji wangu wa Tegeta ambaye kiwanda kiko hapo kisogoni kwake na yeye ananiambia 17,000.

Sasa swali langu. Mafuta EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, anatoa bei kikomo kila jumatano ya kwanza ya mwezi, kituo kikizidisha kinalo. Kwa nini simenti, nondo na bati visifanyiwe hivyo hivyo? Nikiuliza hili naambiwa ni soko huria. Soko huria gani wakati viwanda vikubwa unavihesabu kwa vidole, alafu bei zinapanda zote wiki moja kama wamepigiana kengele? Novemba 2020 mnakumbuka simenti ilivyoruka baada ya uchaguzi, Waziri Mkuu Majaliwa akawaamuru wakuu wa mikoa wafuatilie, baadae bei ikatulia. Kwa hiyo wakitaka wanaweza.

Na asije mtu hapa kuniambia jenga kwa udongo.

kipanya wa Goba

Jenga kwa udongo mkuu

Bi Hadwea

Nimesoma mpaka mwisho nikasema leo nijibu, maana kila simenti ikipanda wa kwanza kutukanwa ni sisi wenye maduka.

Nina hadwea Gongo la Mboto mwaka wa kumi na moja huu. Simenti siichukui kiwandani, nachukua kwa wakala. Semi ya tani 30 ni mifuko 600, mimi mtaji wa kuchukua semi nzima sina, nachukua mifuko 200 au tunagawana watu watatu. Kwenye mfuko napata mia tatu, mia nne, ikizidi sana mia tano, na hapo kuna wabebaji na kuna mifuko inayopasuka ambayo hakuna mtu anaihesabu. Wakala akiniambia hamna mzigo nasubiri, akiniambia upo ila umeongezeka naongeza na mimi. Ningefanyaje?

Unasema 2020 bei ilitulizwa. Kaka yangu nikusimulie ya dukani kwangu. Walikuja watu na madaftari, wanataka risiti, wananiuliza kwa nini nauza bei hii. Nikawaonesha risiti ya wakala, wakasema bado kubwa, punguza. Nipunguze niuze chini ya niliyonunulia? Nikafunga duka siku tatu nikasema niko msibani. Msiba wenyewe wa nani hata sikumbuki. Nilivyorudi viwanda vilikuwa vimeshaanza kutoa mzigo na bei ikashuka yenyewe, daftari halikuleta hata mfuko mmoja.

Bei elekezi ikija atakayekamatwa ni mimi mwenye leseni ukutani. Huyo wa juu yangu hutamuona.

Mzee wa Mapipa

Vijana mnaomba kitu ambacho sisi tulikuwa nacho na tulikichoka.

Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, ikawepo Tume ya Bei. Karibu kila kitu cha dukani kilikuwa na bei yake imeandikwa na serikali, simenti na bati vikiwemo. Vifaa vya ujenzi vilipitia shirika la umma lililoitwa BHESCO na mikoani kulikuwa na maduka ya RTC, kampuni za biashara za mikoa. Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa najenga Magomeni. Bei ya mfuko ilikuwa nzuri sana kwenye karatasi, ungeipenda. Kazi ilikuwa kuupata. Kwanza kibali. Unapeleka barua, unarudi wiki ijayo, bwana mkubwa hayupo, unarudi tena. Kibali ukikipata unaenda ghalani unaambiwa umechelewa, zimeisha. Alafu ukigeuka tu kuna kijana anakuita pembeni, "mzee unataka ngapi?" Hizo ndo zilikuwa za bei ya kuruka, mara mbili mara tatu ya ile ya serikali, na kibali chako mfukoni kimekukalia kama picha ya ukutani.

Kiwanda kipo Wazo tangu 1966, ukienda Bagamoyo unapita unauona moshi wake. Moshi unauona, mfuko huuoni. Hela za kigeni za kununua vipuri hazikuwepo, umeme unakatika, mitambo inafanya kazi nusu. Na bei imefungwa chini kwa hiyo hata anachozalisha hakimlipi kutengeneza tanuri. 1983 Sokoine akaanza msako wa wahujumu uchumi, watu wakatupa bidhaa usiku kwa hofu. Walanguzi walipungua barabarani kwa muda, simenti haikuongezeka hata mfuko.

Nyumba ile mpaka leo chumba kimoja sakafu yake ina nyufa. Fundi alichanganya simenti kidogo na mchanga mwingi na mimi nikamruhusu, sikuwa na namna.

Jamvi Bado

Mzee wangu shikamoo. Hapo nimekuelewa, lakini wakati ule tatizo lilikuwa kiwanda hakizalishi. Leo kuna Wazo, kuna Kimbiji hapo Kigamboni, kuna Tanga, Mtwara, Mbeya na vingine vidogo. Uwezo upo. Sasa kama uwezo upo na bei bado inaruka siku tano hilo sio tatizo la uhaba, hiyo ni tamaa. Ndo maana nasema mafuta mbona yanadhibitika?

Mchumi Uchwara

Nimekunywa chai kwanza ndo nikaja kwenye huu uzi.

Mkuu mfano wako wa mafuta ni mzuri ila ndo unaokuangusha. Mafuta yanakuja kwa meli kwa mfumo wa kuagiza kwa pamoja. Tenda inajulikana, bei ya soko la dunia inajulikana, kodi inajulikana, kwa hiyo EWURA anajua lita imefika bandarini kwa shilingi ngapi, anaweka juu yake usafiri na faida ya muuzaji, anatangaza. Bei ikipanda duniani na yeye anapandisha, hajawahi kuikataza dola. Yaani ile sio bei ya kukukomboa wewe, ni hesabu ya gharama iliyopigwa muhuri.

Na hata hapo ilishawahi kumgomea. Agosti 2011 bei ilishushwa kwa mkupuo, wenye vituo wakasema hailipi, Dar ikakauka siku kadhaa. Waliokuwa na magari wanakumbuka walivyolala kwenye foleni na madumu.

Sasa njoo kwenye simenti. Mmoja anachoma kwa gesi, mwingine kwa makaa ya mawe, mwingine hana tanuri kabisa ananunua klinka (yale madonge ya simenti yaliyochomwa tayari) kwa mwenzake anasaga tu. Mmoja yuko hapa Dar, mwingine Mtwara analeta kwa barabara. Gharama ya nani ndo iwe bei elekezi? Ukiweka ya mwenye gesi wengine wanafunga, soko lote anabaki nalo yeye. Ukiweka ya mwenye gharama kubwa, mwenye gesi anakushukuru anapandisha mpaka hapo hapo. Na kabla hujasema serikali inaijua gharama ya kila kiwanda: Agosti 2016 ilipigwa marufuku kuingiza makaa ya mawe toka nje ili tutumie ya kwetu, mwisho wa mwaka ule ule kiwanda cha Dangote Mtwara kikasimama, gharama za nishati zikiwa ndo ugomvi wenyewe. Hiyo ilikuwa amri ya makaa tu, haikugusa bei ya mfuko.

Ila siutetei upande wa pili. Hilo la viwanda vya kuhesabika uko sahihi na hapo ndo pa kupigia kelele. 2021 kampuni ya Scancem, ambayo iko chini ya Heidelberg mwenye Wazo, ilitangaza kuinunua Tanga. Yaani Twiga (simenti ya Wazo) amnunue Simba (simenti ya Tanga). Tume ya Ushindani ikaruhusu 2022, Septemba mwaka ule ule Baraza la Ushindani likatengua, mwaka uliofuata ikapita tena, kufika 2024 Tanga ikauzwa kwa kampuni ya Amsons ambao walishachukua na Mbeya. Wangapi hapa mlifuatilia? Tulikuwa tunabishana Simba na Yanga. Siku wakubwa wanapoungana hakuna anayeandika uzi, bei ikipanda elfu mbili wote tunamkumbuka Majaliwa.

kipanya wa Goba

Mi nilifuatilia nikadhani ni habari ya mbugani

nondo_ya_kweli

Hahahaha kipanya acha ujinga.

Naongezea, na hiki kinaniuma zaidi. Mnamtafuta anayepandisha bei kwenye mfuko, wa kwanza ni serikali yenyewe. Bajeti ya 2023/24 iliweka ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya simenti. Kilo 50 mara 20 ni buku. Elfu moja kila mfuko, bila semina bila mkuu wa mkoa. Juu yake VAT asilimia 18. Mfano mfuko ukitoka kiwandani kwa 13,500 humo ndani VAT ni kama 2,050, weka na ile buku, elfu tatu na ushee ni za serikali. Bajeti hiyo hiyo na lita ya mafuta ikaongezwa mia moja, hiyo utailipa kwenye lori.

Kwa hiyo mtu amekuwekea elfu tatu kwenye mfuko alafu unamuomba aje kumkamata Bi Hadwea kwa mia nne yake.

Bi Hadwea

Baba Mungu akubariki, njoo uchukue soda.

Fundi Lenta

Mi sio msomi, nitaongea ya saiti.

Nimefanya zile kazi za madarasa ya pesa za UVIKO mwaka 2021, yale elfu kumi na tano. Darasa moja milioni 20. Hiyo ndo ilikuwa bei elekezi yenyewe, maana nchi nzima ni milioni 20, uwe mjini karibu na kiwanda uwe kisiwani simenti inakuja na jahazi. Sisi tulikuwa sehemu ya kuvuka maji, halmashauri siitaji. Mfuko ukifika pale umeshapanda boti, umebebwa kichwani, umelipiwa na ghala. Na madarasa nchi nzima yalikuwa yanajengwa wakati mmoja kwa hiyo kila mtu anatafuta simenti hiyo hiyo, nondo hiyo hiyo, fundi huyo huyo. Mwalimu mkuu wa watu ndo msimamizi, usiku halali. Milioni ishirini haiongezeki.

Darasa liliisha, tena kwa wakati, tulipiga picha. Ila nyie mnadhani kile kilichopungua kilitoka wapi? Mlango ulikuwa uwe mbao ngumu ukawa mbao laini. Rangi mkono mmoja badala ya miwili. Wanakijiji walichota mchanga na maji bure, hiyo ni gharama ila haikuandikwa popote. Sisi mafundi tulishushwa posho, baadhi yetu mpaka leo tunadai.

Sisemi pesa zililiwa, kwa macho yangu sikuona ikiliwa. Nasema bei ukiifunga juu, chini kuna kitu kitakatika. Kwenye tofali ndo utaona vizuri. Mfuko mmoja wa simenti ukitaka tofali la inchi 6 la maana unatoa thelathini, haizidi thelathini na tano. Hawa wa pembeni ya barabara wanatoa arobaini na tano mpaka hamsini. Ukiwapangia tofali liwe elfu moja watakuuzia kwa elfu moja, ila mfuko utatoa sabini. Ulishike kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Mchumi Uchwara

Fundi umenikumbusha kitu cha Marekani.

Machi 1971 Rais Nixon aliunda kamati ya kudhibiti mishahara kwenye ujenzi peke yake, kabla ya sekta nyingine, maana mafundi wenye vyama vyao walikuwa wanapata nyongeza kubwa mno. Agosti mwaka ule akafunga bei na mishahara ya nchi nzima siku 90, udhibiti ukaendelea kwa awamu mpaka Aprili 1974. Tuseme ukweli, kwenye mishahara ya ujenzi nyongeza zilishuka kweli. Wanaosema udhibiti haujawahi kufanya kazi hata siku moja wanadanganya. Ila kwenye mbao ikawa vituko. Mbao za nje hazikubanwa na bei, basi watu wakawa wanazivusha Canada wanazirudisha kama za kutoka nje. Wengine wanakata kipande kidogo cha ubao, wanaita bidhaa mpya, wanapanga bei mpya.

Wakinishangaza hao wa ubao nawaangalia wetu wa nondo.

nondo_ya_kweli

Umefika nyumbani kwangu. Hii jina sikujipa bure.

Nenda mtaa wa Gerezani hapa Dar omba nondo ya mm 12. Muuzaji mwenyewe atakuuliza, "unataka mm 12 ya kupima au mm 12 ya kawaida?" Ya kawaida ukiweka kipimo ni kumi na nukta. Zote zinaitwa mm 12 na bei mbili tofauti. Sasa wekeni bei elekezi ya mm 12 tuone ni ipi itabaki dukani. Na hili sio la kucheka, mji huu tumezika watu. Machi 2013 ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi, Novemba 2024 Kariakoo. Serikali ikitaka kudhibiti kitu hadweani ije na kipimo cha nondo na ipime tofali, hapo hata mimi nitaandamana kuunga mkono. Bei waniachie nitabishana nayo mwenyewe, kipimo cha nondo iliyoshalala ndani ya zege siwezi kubishana nacho.

dereva wa tipa

Mchanga hamuongelei? Simenti imepanda elfu mbili mmeanzisha bunge. Mvua ikinyesha wiki mbili njia ya machimbo ikikatika tripu inapanda elfu hamsini mnalipa kimya. Kokoto za Lugoba hivyo hivyo, dizeli ikipanda jumatano alhamisi naongeza, na mageti ya ushuru sijayataja. Niwekeeni bei kikomo nione nani atatoka Mkuranga na mchanga kuja Goba kwenye foleni ile.

kipanya wa Goba

Huku Goba usije tu tutabeba kwa ndoo

Jamvi Bado

Nimesoma zote wakuu, asanteni, hata wewe kipanya.

Sijabadilika sana nisiwadanganye. Hoja ya gharama tofauti za viwanda nimeielewa, na sukari ya 2016 naikumbuka, ilitangazwa kilo 1,800 ikapotea madukani, tukaja kuinunua 2,500 na zaidi. Nimekubali karatasi ya bei haiwezi kuleta mzigo. Lakini na nyie mnikubalie kidogo. Mzee anasema soko, Mchumi anasema soko, nondo anasema serikali itoe buku yake, ila jumatano mimi nilisimama dukani bila chaguo lolote. Soko ni pale naweza kukataa nikaenda kwingine. Chanika, Tegeta, Mbagala bei ni karibu moja, kwingine kwenyewe kuko wapi? Anayezalisha akitaka kufunga mtambo kwa matengenezo anafunga, hatangazi, sisi tunajua tumefika kaunta. Basi kama bei haiwezekani kiwanda kitakachozima tanuri kitangaze mapema, na kila wiki tuone bei ya kutokea kiwandani imeandikwa wazi kama EWURA anavyoandika. Nijue mfuko umetoka kwa ngapi na nani ameongeza ngapi. Hilo nalo ni ukomunisti?

Mchumi Uchwara

Hilo silipingi. Tena ukiona bei ya kiwandani imetulia na ya mtaani imeruka utajua mlaji ni wakala, zikiruka zote mbili kwa pamoja utajua pa kuipeleka Tume ya Ushindani ikaulize. Tatizo moja, wenye viwanda wakiona bei za wenzao zimebandikwa kila jumatatu na wao hawatahitaji hata kupigiana simu. Ila kwa wewe unayenunua bado ni afadhali kuliko giza.

Mzee wa Mapipa

Wakati wetu bei ilibandikwa mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa.

Fundi Lenta

Jamvi Bado hebu tuongee kazi. Mifuko 60 kwa vyumba vitatu na sebule, fundi wako kapiga unene gani? Kama ni inchi 4 sawa. Na usisubiri sana, mvua zikianza kifusi chako kitatitia utashindilia upya, hiyo nayo ni hela kuliko elfu mbili ya mfuko.

Jamvi Bado

Inchi 4 fundi. Ndo kinachoniogopesha hicho cha mvua.

Bi Hadwea

Kaka, nina mifuko 140 ya mzigo wa zamani, niliununua kabla haijapanda. Majirani zangu wote wanauza 17,500. Nikikuuzia 16,000 kesho nikienda kwa wakala na hela hiyo sirudi na idadi ile ile, mtaji unakuwa umepungua hivi hivi. Nitakupa 16,700 kwa sababu ya huu uzi, usafiri wako. Na usilete daftari.

Jamvi Bado

Poa dada, kesho saa mbili asubuhi niko hapo na kirikuu. Nikikuta umeenda msibani nafungua uzi mwingine.